Chungwa kwenye bourbon: ganda au juisi?

Mara ya kwanza kumtengenezea shemeji yangu Old Fashioned, kokteli ya bourbon, ile wiski ya Marekani, nilimkamulia chungwa zima humo humo kwenye glasi, nikaliponda na sukari, nikamimina bourbon ya bei ya maana, nikatupia barafu nikampelekea sebuleni huku natabasamu. Akapiga funda moja, akaiangalia glasi, akasema "asante shemeji, imepoa." Imepoa! Mtu akisifia ubaridi wa kinywaji chako ujue kingine cha kusifia amekosa. Nilipoonja mwenyewe ilikuwa kama juisi iliyosahaulika kwenye gari halafu mtu akaimwagia pombe, haikuwa tamu na haikuwa kali, imepwaya tu.

Na aibu yenyewe ilikuwa ya ugenini. Tunaishi Louisville, Kentucky, mji ambao mwaka 2015 ulitangaza Old Fashioned kuwa kokteli rasmi ya mji, kwa hiyo kuiharibu hapa ni kama kuhamia Zanzibar halafu uwapikie wenyeji urojo wa kubahatisha. Nikaanza kusoma, nikawauliza vijana wa kaunta, nikaharibu chupa mbili tatu nyingine, mpaka nikagundua tatizo halikuwa mkono wangu, tatizo lilikuwa neno "chungwa". Resipi zinakwambia weka chungwa. Sawa, lakini sehemu ipi ya chungwa? Maana ndani ya tunda moja kuna vitu vitatu ambavyo kwenye glasi ya bourbon vinafanya kazi tofauti kabisa na vikichanganywa hovyo vinagombana.

Cha kwanza ni mafuta, nayo yamo kwenye ngozi ya juu yenye rangi, kwenye vile vijifuko vidogo vidogo unavyoviona ukilisogeza chungwa jichoni. Kama ulisoma shule ya msingi kwetu unayajua haya mafuta vizuri sana, si ndio yale tuliyokuwa tunaminyiana machoni na ganda mtu anaenda kulia kwa mwalimu. Harufu yote ya chungwa unayoijua iko hapo, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinaitwa limoneni. Cha pili ni juisi, ambayo ni maji, sukari na asidi, na ina harufu kidogo mno ukilinganisha na ganda. Cha tatu ni ule weupe katikati ya ngozi na nyama, ambao kazi yake kubwa kwenye kinywaji ni uchungu, na uchungu wenyewe si ule mzuri wa kahawa bali ule wa kukausha ulimi.

Sasa kichekesho ni kwamba muuza machungwa wa kwetu, yule wa toroli au baiskeli, anamenya ngozi ya juu nyembamba kama karatasi, anaitupa chini, anakuachia weupe ushikie halafu ufyonze juisi. Yaani anatupa hasa kile ambacho mtu wa kaunta wa huku anakilipia hela. Siku nyingine nikiwa likizo Tanga naangalia lile rundo la maganda chini ya toroli roho inaniuma.

Tuseme basi kabla hatujaenda mbali: Old Fashioned inataka mafuta. Haitaki juisi. Kokteli inayotaka juisi ipo, tena ya bourbon hiyo hiyo, inaitwa Whiskey Sour, na hizi mbili ni ukoo mmoja ila nyumba tofauti. Mimi nilichofanya siku ile ni kuchukua juisi ya nyumba moja nikaipeleka kwenye glasi ya nyumba nyingine bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Ukirudi nyuma unaona hata wakongwe walizitenganisha. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, liliulizwa na msomaji hii kokteli ndiyo nini, mhariri akajibu ni kileo cha aina yoyote, sukari, maji na bitasi. Hakuna tunda hapo. Hizo bitasi ni yale matone machungu ya mizizi na viungo yaliyolowekwa kwenye pombe kali, maarufu zaidi ni Angostura, ambayo daktari Mjerumani aitwaye Johann Siegert aliitengeneza mwaka 1824 kule Venezuela kama dawa ya tumbo, kwenye mji uliokuwa ukiitwa Angostura, siku hizi Ciudad Bolívar. Kampuni baadaye ikahamia Trinidad na mpaka leo iko huko, chupa bado ina ile karatasi kubwa kuliko chupa yenyewe kama mtoto aliyevaa shati la baba.

Halafu 1862 Jerry Thomas akatoa kitabu chake cha wahudumu wa baa, na humo kokteli ya wiski ina shira, bitasi, wiski na kipande cha ganda la limao. Ganda, si juisi. Na kwenye kitabu hicho hicho sour, yaani kokteli ya kuchachuka, iko sehemu yake, na huko ndiko juisi inakokaa. Miaka ikaenda, wahudumu wakaanza mbwembwe, wakawa wanaongeza likeri, vile vileo vitamu vyenye fleva, hii na ile, wazee wakachoka wakawa wanaagiza nipe ile ya zamani, ya mtindo wa zamani, kwa Kiingereza old-fashioned, na jina likabaki hapo hapo. Hapa Louisville utaambiwa ilizaliwa Pendennis Club, klabu ya wakubwa iliyoanzishwa 1881. Stori tamu, ila gazeti la Chicago lilishataja kokteli za mtindo wa zamani mwaka 1880, kwa hiyo mtoto angekuwa amemtangulia mama. Usiwaambie wenyeji lakini, wanakuwa wakali.

Hili la kuponda kipande cha chungwa na cheri chini ya glasi ndilo lililonipoteza mimi, na lilishika sana Marekani baada ya miaka ya marufuku ya pombe, 1920 mpaka 1933. Jimbo la Wisconsin wanalo mpaka leo, tena wao badala ya wiski wanaweka brandi na juu wanamalizia na soda, na wanaipenda kweli kweli. Siwabishii. Ila wao wameshapanga kinywaji chote kuzunguka hilo tunda, brandi ina utamu wake, soda inanyoosha, wewe ukichukua hatua moja ya kuponda tu ukaipachika kwenye resipi nyingine ndiyo unapata kile alichopata shemeji.

Haya, kwa nini bourbon na chungwa vinapatana hivyo? Bourbon ni wiski ya Marekani ambayo kisheria lazima nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, kwa kawaida ya njano, yale wazee wetu waliyaita ya Yanga, na lazima ikae kwenye chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichochomwa ndani kwa moto, ambacho kwa kawaida ni pipa. Kipya kila mara, pipa likishatumika linauzwa kwa watu wengine. Ule mti ukichomwa unatoa vanilini, ndiyo harufu ya vanila, na ladha ya sukari iliyoungua na hata kaharufu ka nazi kwa mbali. Hairuhusiwi kuongezwa rangi wala fleva, vyote hivyo vinatoka mtini. Sasa hivyo vyote ni vizito, vya chini, vinakaa kama besi. Mafuta ya chungwa ni mepesi yanaruka juu, pua inayapata kabla ulimi haujafika. Na kuna sababu ya kikemia pia, mafuta hayo hayataki maji ila kwenye pombe yanayeyuka, kwa hiyo tone moja la ganda kwenye kileo cha asilimia 45 linasambaa, wakati kwenye glasi ya maji lingeelea tu juu kama mafuta ya taa kwenye dimbwi.

Kwenye chupa usihangaike na ya bei kubwa. Angalia namba ya kilevi. Ya asilimia 40 ndiyo ya chini inayoruhusiwa, inanyweka, ila ukishaweka barafu na shira inalegea. Mimi napenda ya 45 mpaka 50. Huku ukiona chupa imeandikwa Bottled in Bond hiyo ni sheria ya mwaka 1897, maana yake ni ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa angalau miaka minne na ina asilimia 50 kamili, na mara nyingi si ghali hata kidogo.

Sasa tutengeneze. Kwa glasi moja ni mililita 60 za bourbon, hizo ni toti mbili za kawaida, kijiko kimoja cha chai cha shira nzito, matone mawili matatu ya kutikisa ya Angostura, na ukiwa nayo tikisa mara moja bitasi za chungwa, usipokuwa nayo dunia haiishi. Shira ni ile ile unayoijua ya kaimati ila usiipike mpaka ivute nyuzi, sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, pasha iyeyuke, zima. Ukiiweka friji inakaa wiki kadhaa. Watu wanapenda kusaga kipande cha sukari kwenye glasi kwa sababu kinapendeza kwenye video, lakini sukari kwenye pombe baridi inayeyuka kwa shida unakuja kutafuna chenga mwishoni.

Weka vyote kwenye glasi kubwa au hata jagi, jaza barafu, koroga kwa kijiko kirefu taratibu kama nusu dakika. Hapa ndipo watu wanaharakisha. Unadhani unapoza tu, kumbe unazimua. Ndiyo, kuzimua, na simaanishi kule kwa Jumapili asubuhi. Barafu inapoyeyuka ndipo inapofyonza joto la kinywaji, gramu moja ya barafu ikiyeyuka inachukua joto sawa na la kuipoza gramu ya maji nyuzi 80 nzima, kwa hiyo ubaridi na maji vinakuja pamoja, huwezi kupata kimoja ukakataa kingine. Na kwa sababu kuna pombe, kinywaji kinashuka mpaka chini ya sifuri bila kuganda. Yale maji ni sehemu ya resipi ingawa hayajaandikwa, mhariri wa 1806 aliyaandika lakini. Onja sekunde ya kumi, onja ya thelathini, utaona ukali wa pombe umekaa chini na vanila imejitokeza.

Barafu ikiwa imelala friji moja na samaki utaisikia. Nasema hili kwa sababu nimelinywa. Ifunge kwenye mfuko.

Chuja sasa umimine kwenye glasi fupi yenye barafu mpya, ikiwezekana bonge moja kubwa maana bonge linayeyuka polepole kuliko vipande. Halafu ndiyo chungwa linaingia, mwishoni kabisa, na hii ndiyo sekunde tano zinazobeba kokteli nzima. Chukua kile kifaa cha kumenyea viazi, toa ukanda wa ganda upana wa vidole viwili na urefu wa kidole, usikandamize, unataka rangi tu na weupe kidogo iwezekanavyo. Shika ukanda huo kwa vidole vya mikono miwili juu ya glasi, upande wa rangi uangalie kinywaji, halafu ubinye ukunjike. Ukiwa na mwanga nyuma yake utaona moshi mwembamba wa mafuta unaruka. Paka ganda kwenye mdomo wa glasi, lisokote, litumbukize au litupe, hiari yako. Mimi nalitumbukiza kama nakunywa haraka na nalitoa kama naongea sana, kwa sababu likikaa ule weupe unaanza kutoa uchungu wake.

Kuna wale wanaowasha kiberiti wakaminyia mafuta kwenye moto, panawaka cheche puu. Yanawaka kweli, limoneni ni mafuta ya kuwaka. Wageni wanapiga makofi. Kwa ladha naona yanatoka yameungua kidogo na yakawa na masizi, na kama umemwaga bourbon mezani dakika mbili kabla basi utapigiwa makofi ya aina nyingine.

Machungwa ya supamaketi ya huku yanapakwa nta ili yang'ae na yasikauke, nta ya kulika, lakini inakaa juu ya hayo hayo mafuta unayoyataka, kwa hiyo sugua kwa maji ya moto na brashi kisha ukaushe. Chungwa la Muheza, kule kwetu Tanga, halina hiyo shida. Watu wa huku wakiona picha ya machungwa yetu ya kijani wanadhani ni mabichi, nawaambia hapana, ganda la chungwa linageuka rangi likipigwa na usiku wa baridi, pwani yetu usiku ni joto kwa hiyo linaiva kijani kijani hivyo hivyo, na huku kwao Florida ambako joto nalo lipo mara nyingi yanawekewa gesi ya ethilini ili yavue ukijani. Ganda la kijani lina mafuta vizuri tu. Kwa pua yangu lina ukali kidogo, kama limekaribiana na ndimu, na kwenye bourbon hilo si kosa.

Na hapo tuweke majina sawa kwa sababu resipi ukizitafsiri kichwani unakosea tunda. Limao ni lile refu lenye chuchu, la njano. Ndimu ni ile ndogo ya mviringo ya pilau na samaki. Najua Kenya wengi vyote wanaita ndimu na wanaelewana, ila kwenye bourbon vinatofautiana, ndimu ina harufu kali inayopigana na vanila, limao linaiacha ipumue. Chenza ganda lake ni tamu sana kwa harufu ila ni laini, linachanika kwenye kimenyeo, tumia kisu. Danzi, lile chungwa chachu ambalo watu wanalipita tu sokoni, ndilo ganda zuri kuliko yote kwa kazi hii, harufu yake ina uchungu wa kiutu uzima. Balungi nalo lina sifa zake nitalifikia.

Ukishaizoea hiyo ya kawaida ndipo unaweza kuipindua kwa chungwa zaidi bila kukamua hata tone. Siri ni shira ya maganda. Menya maganda ya machungwa manne, rangi tu, yatupie kwenye bakuli na gramu 100 za sukari, yafinyange kwa mkono au mchi mpaka sukari ionekane imelowa, funika, nenda kalale. Asubuhi utakuta maganda yamenyauka kama majani ya mgomba wa kiangazi na chini kuna majimaji mazito yanayong'aa. Sukari inavuta maji kutoka kwenye ganda, ganda linalegea, mafuta yanatoka yanashikwa humo humo. Ongeza maji ya moto kama robo kikombe sukari iliyobaki iyeyuke, chuja, kamua maganda, weka friji. Mtindo huu ni wa kale, walioutumia sana ni watu wa enzi za yale mabakuli makubwa ya panchi ya karne ya 18 na 19. Tumia kijiko kimoja na nusu badala ya shira ya kawaida, na mwishoni bado ubinye ganda juu, kwa hiyo unakuwa na chungwa la puani na chungwa la kooni. Hiyo ndiyo niliyompa shemeji mara ya pili. Hakusema imepoa.

Lakini kuna watu juisi wanaitaka, na wana haki. Hao waende nyumba ya pili, na huko kuna mtego mmoja mkubwa: juisi ya chungwa haina uchachu wa kutosha. Juisi ya limao au ndimu ina asidi kama asilimia 6, ya chungwa ni karibu 1 tu, na utamu wake ni mwingi. Kokteli ya sour inasimama kwa kuvutana, asidi upande huu sukari upande ule na pombe katikati. Ukitoa limao ukaweka chungwa kiasi kile kile umeachia kamba upande mmoja. Ukisema basi niongeze chungwa mpaka uchachu utoshe, utahitaji mara sita, na hapo ni jagi la juisi lenye harufu ya bourbon. Kwa hiyo limao linabaki ndani, chungwa linakuja kama mgeni. Kipimo changu ni bourbon mililita 60, limao 20, chungwa 30, na shira ya sukari na maji sawa kwa sawa 15 tu, maana chungwa limekuja na sukari yake. Wahudumu wengine wanachukua juisi ya chungwa wanaongezea asidi ya sitriki ya unga mpaka ichachuke kama limao. Inafanya kazi, ila nyumbani limao ni rahisi.

Hii usiikoroge, itikise. Ukiwa na kileo na shira tu unakoroga kwa sababu unataka kiwe kizito na kisafi, ila palipo na juisi unatikisa ili vichanganyike na hewa iingie, kinakuwa chepesi na povu kidogo. Chombo cha kutikisia si lazima, chupa ya jamu yenye mfuniko unaobana inatosha, sekunde 12 mpaka 15 kwa nguvu mpaka mikono iume kwa baridi, chuja. Ute wa yai wengine wanaweka, povu linakuwa kama la sabuni ya kuogea mtoto, zuri sana, ila ni yai bichi na mama mkwe akiwepo utaulizwa maswali.

Na kamua muda ule ule wa kunywa. Kuna chungwa la huku linaitwa navel, lile lisilo na mbegu lenye kitovu, tamu kabisa ukilila, lakini juisi yake ukiiacha masaa kadhaa inageuka chungu. Si kwamba imeoza. Ndani ya tunda kuna kitu kisicho na uchungu ambacho kikikutana na asidi ya juisi kinageuka polepole kuwa limonini. Limonini, si limoneni, herufi moja imetofautiana na wamekutana kwenye tunda moja kututesa, limoneni ni harufu nzuri ya ganda, limonini ni uchungu wa juisi iliyokaa. Mimi niliwahi kukamua asubuhi kwa ajili ya wageni wa jioni nikalaumu bourbon bure.

Balungi sasa. Bourbon, juisi ya balungi na asali ni kokteli ya Hollywood ya miaka ya 1930, Brown Derby, na asali hapo ndiyo inayopatanisha kwa sababu balungi lina uchungu wake na asidi ya katikati, kama asilimia 2 hivi. Mililita 60 bourbon, 30 balungi, 15 asali iliyolegezwa kwa maji ya moto nusu kwa nusu, maana asali nzima ikikutana na barafu inaganda chini kama gundi. Ukitoa balungi ukaweka limao unapata Gold Rush, na Mkenya yeyote aliyewahi kunywa Dawa, ile ya vodka na ndimu na kijiti cha asali, akiionja atasema huyu namjua, ni ndugu yangu aliyehamia Marekani. Ila kuna jambo la kweli kuhusu balungi: linaingiliana na baadhi ya dawa za hospitali, zikiwemo baadhi za kolesteroli na za presha, zinapanda mwilini kuliko kipimo, na danzi nalo lina tabia hiyo. Mzee wako anayemeza vidonge mpe la chungwa la kawaida, tena amuulize mfamasia kwanza.

Kwa wasiogusa kileo, na nyumbani kwangu ni nusu ya watu, ile shira ya maganda haijui dini. Chemsha chai ya rangi nzito kuliko unavyokunywa, ipoze kabisa, weka shira, limao kidogo, barafu, binya ganda juu. Ule ukakasi wa chai unakaa pale ambapo mwaloni ungekaa, na mke wangu anadai ya kwake ni nzuri kuliko yangu, na siku ambazo bourbon ni ya bei rahisi huwa sibishi.

Mwisho wa shughuli utabaki na machungwa manne uchi kwenye friji. Bila ngozi yanakauka haraka, siku mbili yamesinyaa, kwa hiyo ndiyo maana shira na sour mimi nazipanga wikendi moja: Ijumaa usiku nayavua, Jumamosi jioni nayakamua. Yanayobaki watoto wanayakata juu wanayafyonza wamesimama jikoni, wameshikilia kwenye weupe, kama yametoka kwenye toroli.